Uzi: Michezo ya vikundi kwa wanachuo wa Tabora (na majirani wa Kigoma): sheria, vifaa na pale inapoharibika

Mwana_Ipuli:
Mwangaluka wakuu. Mwaka wa kwanza wanaingia vyuoni na kamati zimeshaanza kupanga bonanza la kuwakaribisha. Bonanza nyingi ni mechi moja ya mpira wa miguu: watu 22 uwanjani, waliobaki chini ya miembe na simu zao. Jioni wanarudi hosteli hawajafahamiana. Uzi huu ni wa kusaidia kamati zenye uwanja wa kawaida na bajeti ndogo.

Mimi mchezo wa kundi naupima hivi: anayetolewa anarudi baada ya dakika ngapi? Zikipita tano, huo si mchezo wa kukaribisha watu. Wanaotoka mwanzo ni wale wale kila siku: wageni, wazito, wasiozoea kukimbia. Mchezo unaowatoa mapema na kuwaacha pembeni umewafukuza waliokuwa wanauhitaji zaidi.

Tuchukulie mna watu 60. Gawanyeni timu 6 za watu 10. Msiwaachie wajigawe, kwa sababu waliosoma pamoja watakaa pamoja na kozi moja itaungana. Andikeni namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi, wekeni kofia mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila mtu aokote. Ndani ya dakika kumi kila timu ina mchanganyiko na hakuna wa kulalamika kwamba hakuchaguliwa.

Muda: anzeni saa kumi alasiri, kabla ya hapo jua bado linachoma. Tuna bahati huku magharibi, jua linazama kama nusu saa nyuma ya Dar es Salaam, kwa hiyo hadi saa kumi na mbili na nusu bado mpira unaonekana. Waliozoea ratiba za pwani hufunga mapema bila sababu.

Wenye utaalamu wa mchezo mmoja mmoja karibuni mshushe. Sheria kamili na vipimo tafadhali.

Bi_Kanyenye:
Nianze na rede, ya chupa. Kwa watu ishirini sijaona mchezo unaoishinda.

Uwanja ni upana wa mita 8 na urefu wa mita 12, mistari ichorwe kwa majivu. Timu inayorusha inajigawa watano kila upande wa urefu. Timu ya ndani yote kumi inaingia katikati, pale kuna chupa tupu ya lita moja na nusu na rundo la mchanga mkavu. Kazi yao ni kuijaza chupa hadi shingoni kwa mikono mitupu huku wanakwepa mpira. Aliyepigwa chini ya mabega anatoka. Mpira wa kichwa hauhesabiki, na aliyeurusha anakaa nje dakika moja. Mtu wa ndani akiudaka bila kuudondosha, aliyetoka kwanza anarudi. Dakika sita kwa sita, halafu mnabadilishana. Chupa ikijaa pointi 3, ikifika nusu pointi 1.

Hiyo sheria ya kudaka ndiyo roho ya mchezo. Ikiwepo, waliotoka wanapiga kelele pembeni wakimtaka mwenzao adake, hawaendi kukaa kivulini. Mkiona hakuna anayedaka, mpira ni mdogo mno au mgumu.

Basi mpira. Usinunue wa dukani, wa ngozi unaumiza na ule wa nailoni mwepesi unapeperushwa na upepo. Chukua soksi nene ya mpira wa miguu, jaza vipande vya sponji ya godoro chakavu, kaza, funga mdomo, pindulia juu yake soksi ya pili. Zungushia vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa sentimita moja, vikipishana pande zote, na baiskeli hapa Tabora hazijawahi kuisha. Ukimaliza uwe na kipenyo cha sentimita 12 hadi 15 na uujaze kiganja. Zamani watu walijaza mifuko ya plastiki, lakini ile ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na sponji inarudisha umbo vizuri zaidi. Usijaze matambara, yakilowa umande mpira unakuwa jiwe. Tengeneza mitatu, mmoja ukipasuka mchezo usisimame.

Mambo yanayoharibu: umbali kati ya warushaji wa pande mbili ukiwa chini ya mita 8 mpira unauma na watu wanakasirika, ukizidi 15 hakuna anayepigwa na mchezo unapoa. Mchanga mbichi unaziba mdomo wa chupa, kwa hiyo mvua ikinyesha jana, chota mchanga wa juu asubuhi uuanike kwenye turubai. Na ugomvi mkubwa wa rede hutokea mpira ukiiangusha chupa. Tangazeni kabla: ikiangushwa na mpira, kilichomwagika kimemwagika, inasimamishwa na kazi inaendelea. Ikiangushwa na mtu wa ndani, vivyo hivyo. Mrushaji haruhusiwi kuvuka mstari kwenda kuipiga teke.

Dada zetu wenye sketi ndefu na mabaibui waambiwe siku moja kabla wavae suruali ndani. Ni tangazo la sentensi moja tu, bila hilo nusu yao watabaki watazamaji.

Nanga_ya_Mwisho:
Mimi nazungumzia kuvuta kamba, kwa sababu ndio mchezo unaodharauliwa kuliko yote na ndio wenye hatari kuliko yote.

Kamba kwanza. Mashindano rasmi yanataka mzingo wa sentimita 10 hadi 12.5, yaani unene wa kama sentimita 3 na nusu, na urefu usiopungua mita 33.5. Nyie tafuteni ya katani yenye unene huo, mita 25 zinatosha watu nane kwa nane. Msikubali kamba ya nailoni ya kufungia turubai la lori. Kwanza ni nyembamba, inakata viganja. Pili nailoni inavutika, inahifadhi nguvu ndani yake, na ikikatika inarudi kama mjeledi. Mwaka 1997 huko Taipei, Taiwan, kamba ya nailoni ilikatika kwenye sherehe ya kuvuta kamba iliyokusanya zaidi ya watu elfu moja, na wanaume wawili waling'oka mkono. Kagueni kamba yote kwa vidole kabla ya kuanza: uzi uliooza hutoa vumbi na kukatika ukiupinda.

Marufuku tatu zisizo na mjadala. Hakuna kuzungusha kamba mkononi au kiunoni. Hakuna fundo wala kitanzi popote kwenye kamba. Hakuna kuongeza watu kwa sababu "wengine wanataka kuingia". Kila mtu mnayemwongeza anaongeza mzigo kwenye kamba ile ile.

Alama: kitambaa chekundu katikati ya kamba, vitambaa vyeupe mita 4 kila upande wake. Chora mstari mmoja ardhini. Cheupe cha upande wa wapinzani kikivuka mstari huo, mmeshinda. Mivuto mitatu, mnabadilishana upande kila mara kwa sababu uwanja hauko sawa, na mapumziko dakika mbili. Mwamuzi anaita taratibu: shikeni, kazeni, tulieni, vuteni. Akiita "vuteni" kabla kamba haijatulia, timu moja inaanguka kifudifudi.

Nani avute? Kwenye mashindano ya kweli timu zinapangwa kwa uzito wa jumla wa watu nane, idadi peke yake haitoshi. Azimeni mizani, pimeni, timu mbili zisipishane zaidi ya kilo 20. Wanne wanaume, wanne wanawake, wawili waliobaki ni wahamasishaji na wanaingia mvuto unaofuata. Wazito msiwarundike nyuma wote. Wa mwisho ndiye nanga: kamba inapita chini ya kwapa lake, mgongoni kwa mshazari, inatokea juu ya bega la pili, kipande kilichobaki kinaning'inia bure. Ni yeye tu anayeruhusiwa kupitisha kamba hivyo.

Namna ya kuvuta: mikono imenyooka, mgongo umelala nyuma, visigino vimechimba, miguu yote inasukuma kwa wakati mmoja. Anayevuta kwa kukunja viwiko anachoka ndani ya sekunde ishirini. Timu nyepesi inayopiga hatua pamoja kwa kuhesabiwa huiburuta timu nzito inayovuta kila mtu kivyake.

Fresha_Kozi_ya_Ualimu:
Asanteni kaka zangu na dada zangu. Naomba kuuliza, timu sita zinazungukaje bila moja kukaa? Tulipewa kazi hii na hatujui tuanzie wapi.

Mwana_Ipuli:
Karibu mdogo wangu. Wekeni vituo vitatu vinavyokwenda kwa wakati mmoja: Kamba, Rede, na Mbio. Kila kituo timu mbili. Raundi tano, kila timu inakutana na kila timu mara moja. Nakuwekea kabisa, unakili hivi hivi:

Raundi 1: Kamba 1–6, Rede 2–5, Mbio 3–4
Raundi 2: Kamba 2–3, Rede 4–6, Mbio 1–5
Raundi 3: Kamba 3–5, Rede 1–4, Mbio 2–6
Raundi 4: Kamba 2–4, Rede 1–3, Mbio 5–6
Raundi 5: Kamba 4–5, Rede 3–6, Mbio 1–2

Ukikagua utaona kila timu imepita kila kituo angalau mara moja na hakuna iliyokwenda kituo kimoja zaidi ya mara mbili. Dakika 15 kwa raundi na 5 za kuhama, jumla dakika 95. Mkianza saa kumi kamili mnamaliza saa kumi na moja na dakika 35, mnabaki na muda wa fainali ya kamba kwa timu mbili zenye pointi nyingi.

Filimbi moja tu, na apige mtu mmoja. Kila kituo kikiwa na filimbi yake, baada ya raundi ya pili hakuna anayejua yuko wapi. Ratiba iandikwe kwenye bango kubwa. Ukiituma kwenye kundi la simu peke yake, wasio na bando hawataiona.

Bi_Kanyenye:
Kituo cha Mbio nikijaze kidogo. Kupokezana kwa magunia: mita 15 kwenda na kurudi, watu kumi, haizidi dakika tano. Gunia liwe la katani, lifike kiunoni. Viroba vya sandarusi vinateleza kwenye nyasi na mguu unatoboa kona. Halafu miguu mitatu, mfunge wawili kwa kipande cha khanga juu kidogo ya kifundo, msifunge kwa kamba. Kijiko mdomoni weka ndimu badala ya yai. Inatosha.

Mwalo_Kibirizi:
Salaam kutoka Kigoma. Huku wengi watataka kupeleka watu ufukweni, na ni jambo zuri, ila sheria ya kwanza iwe: michezo yote nchi kavu. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika mita 1,470, na sehemu nyingi chini panaporomoka hatua chache tu kutoka ukingoni. Kichocho kipo, mamba wapo. Kundi la watu 60 lenye furaha haliwezi kuhesabiwa likiwa majini. Mwekeni mtu mmoja mwenye kazi ya kusimama kwenye ukingo wa maji na kurudisha watu, basi.

Mchangani mchezo mzuri ni wavu. Uwanja wa ufukweni ni mita 16 kwa 8 na rasmi ni wawili kwa wawili, lakini kwa burudani chezeni sita kwa sita kwenye 18 kwa 9. Wavu rasmi wa wanaume ni mita 2.43, wa wanawake 2.24. Timu mchanganyiko funga kwenye 2.24, kila mtu anafurahia. Mtu asiyezoea akishindwa kuanzisha mpira kutoka nyuma, mruhusu asogee mita tatu mbele. Kinachoua wavu wa wanaojifunza ni mpira kuanguka kila mara kwenye kuanzisha, na hilo linatibika kwa sheria hiyo moja. Ongeza nyingine: lazima mpira uguswe na watu wawili tofauti kabla ya kuvuka. Hapo wababe wanalazimika kupasia wenzao.

Nguzo mchangani usisimike bila nanga, zinalala. Jaza mchanga kwenye viroba viwili vya kilo 50, zika kila kimoja nusu mita kama nanga, kamba ya nguzo ifungwe hapo.

Taa_ya_Chemli:
Mmesahau usiku. Umeme ukikatika hosteli, watu kumi na nne na seti ya karata wanatosha.

Mchezo unaitwa Mafia. Ulitungwa na Dimitry Davidoff, mwanafunzi wa saikolojia Chuo Kikuu cha Moscow, katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo ni mchezo wa wanachuo tangu kuzaliwa kwake. Watu 13 na mwendeshaji mmoja. Gawa karata zimefunikwa: shupaza 3 ni majambazi, ree ya kopa ni mpelelezi, ree ya uru ni daktari, kopa 8 zilizobaki ni raia. Kila mtu anaangalia yake na kunyamaza.

Usiku wote wanafumba macho. Mwendeshaji anaamsha majambazi, wanaonyeshana kwa kidole nani auawe. Anaamsha mpelelezi, anaelekeza mtu mmoja na kujibiwa kwa kichwa kama ni jambazi. Anaamsha daktari, anachagua wa kuokoa. Asubuhi inatangazwa aliyekufa, kisha dakika sita za mjadala na kura ya mikono, mwenye kura nyingi anatoka. Raia wakiwamaliza majambazi wameshinda. Majambazi wakilingana na waliobaki, wameshinda wao.

Kinachoharibu ni sauti. Jambazi akielekeza mkono, jirani anasikia nguo. Usiku ukianza wote wapige mapaja taratibu, mlio unafunika. La pili ni mwendeshaji kutangulia kusema "wewe jambazi, fumba macho" huku amemgeukia mtu. Aangalie chini na aongee kwa sauti moja. La tatu, kundi la watu 25. Ligawe mara mbili, wakizidi 15 wapole hawasemi kabisa.

Nanga_ya_Mwisho:
Mkuu, nimeona matoleo ambayo badala ya jambazi wanaweka mchawi anayeua usiku. Unaonaje?

Taa_ya_Chemli:
Hapana, na ninalisema kwa uzito. Huku kwetu watu, hasa bibi zetu, wameuawa kweli kwa kutuhumiwa uchawi. Darasani kuna mtu ambaye hilo limefika nyumbani kwao. Kukaa duara na kumnyooshea mwenzako kidole "huyu ndiye mchawi" si burudani kwake. Jambazi anatosha, na mchezo haupungui chochote.

Na lile sharti la dakika tano la Mwana_Ipuli linavunjika hapa, kwa sababu aliyekufa usiku wa kwanza anasubiri hata nusu saa. Mpe kazi: awe karani wa kura na mshika saa. Anaruhusiwa kufumbua macho usiku, na kuwaona majambazi kazini ni raha yenyewe.

Kete_64:
Kwa wasiopenda kukimbia, bao. Tena ni mchezo wa kundi mkicheza wawili kwa wawili, wakishauriana kwa sauti.

Ubao si lazima. Chimba mashimo 32 ardhini, mistari minne ya manane, kila shimo upana wa vidole vinne. Kete 64, komwe au kokoto laini. Kwa meza sita unahitaji kete 384, okota 400, zitapotea.

Wanaoanza wasipewe bao kamili, watakimbia. Wape bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, zote 64 ziko chini, mnaanza kula moja kwa moja. Wakishazoea kusambaza na kugeuka kwenye kichwa na kimbi (shimo la mwisho na la pili yake, kila pembe ya mstari wa mbele), ndipo waingie kwenye namua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi moja moja: kila upande unaweka kete 6 kwenye nyumba (shimo la tano kutoka kushoto kwake, mstari wa mbele), mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Anayehesabu na kupata tofauti na 22 amekosea kupanga, aanze upya kabla ya kete ya kwanza.

Sekunde 30 kwa kila zamu, simu ihesabu. Bila hivyo meza moja inakaa saa nzima na foleni inavunjika. Na asiyecheza asiguse kete. Mshauri anasema kwa mdomo, kwa sababu akigusa hesabu ya wenzake inapotea.

Mwalo_Kibirizi:
Chemsha bongo nayo, kwa ufupi. Maswali manane kwa raundi, raundi tano, majibu kwenye karatasi, timu zinabadilishana kusahihisha. Simu zote kwenye kikapu. Swali zuri ni lile ambalo nusu ya timu wanakaribia kulijua. Mifano: Meli ya MV Liemba ilijengwa nchi gani, na ikaitwaje mwanzo? (Ujerumani, Graf von Goetzen.) Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka gani? (1871.) Hifadhi ya Taifa ya Gombe ilianzishwa lini? (1968.) Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua nini? (Kushiriki uchaguzi wa kura tatu.) Maswali ya mastaa wa muziki weka raundi moja tu, vinginevyo timu yenye mtu mmoja mshabiki inabeba kila kitu.

Fresha_Kozi_ya_Ualimu:
Mvua je? Novemba hapa haitabiriki.

Nanga_ya_Mwisho:
Mkisikia radi tu, uwanja unaachwa. Msisubiri tone la kwanza. Ingieni jengo lenye kuta, na chini ya mwembe asikae mtu, hata kama ndio kivuli chenu cha kila siku. Hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho ndipo mrudi. Nyasi zikiwa zimelowa ahirisheni mchezo wa kamba, visigino havishiki na watu wanavunjika viganja wakianguka. Rede inawezekana mchanga ukiwa umefunikwa.

Maji ya kunywa wekeni lita moja na nusu kwa kila mtu: watu 60 ni lita 90, yaani ndoo tano za lita 20 zenye mfuniko na bomba, kila mtu na chupa yake. Pakiti chache za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), moja kwa lita moja ya maji safi. Aliyeteguka kifundo apumzike, awekewe kitambaa cha baridi, afungwe bandeji ya kuvutika, mguu uinuliwe. Asikandwe kwa maji ya moto siku hiyo, na akishindwa kukanyaga hatua nne, zahanati.

Bi_Kanyenye:
Na kamba ikilowa msiikunje na kuifungia stoo, itaoza kabla ya muhula wa pili. Itandazeni juu ya waya wa kuanikia siku mbili, kisha izungusheni duara pana na kuitundika.